Mambo ya Ndani ni ya Nani? Uhakiki wa Neno "Kuingilia"

Katika semina moja ya viongozi wa mashina na matawi iliyofanyika Ruangwa, mwanachama mmoja, mkulima wa korosho, alisimama akauliza kwa nini malipo ya mnada wa pili yalikatwa fedha nyingi kuliko zile zilizokubaliwa na mkutano mkuu wa chama chao cha msingi. Swali lilikuwa fupi na la adabu. Aliyejibu alikuwa mjumbe wa bodi ya chama hicho hicho, naye alikuwa mwanasemina kama wengine. Alisema: "Ndugu Mwenyekiti, naomba mwanachama aelimishwe kwamba huko ni kuingilia utendaji." Mwenyekiti wa kikao akaitikia kwa kichwa, katibu akaandika, na yule mkulima akaketi. Jioni yake nilipousoma muhtasari nilikuta swali lenyewe halimo. Kilichoandikwa ni kwamba wanachama walikumbushwa kutoingilia utendaji.

Mimi ndiye niliyekuwa mkufunzi wa semina ile, na ni wajibu wangu kujikosoa kwanza: sikusema neno. Nilikuwa nimetoka kufundisha somo la msimamo wa nchi yetu juu ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na neno lile lilipotamkwa likaniingia masikioni kama neno la heshima. Ndivyo lilivyoingia masikioni mwa wengine pia. Neno lililozaliwa ili kuwalinda wanyonge dhidi ya mabeberu lilitumika mbele ya macho yetu kumnyamazisha mnyonge juu ya fedha zake mwenyewe, na hakuna aliyeshtuka.

Basi hapana budi tulihakiki neno hili. Kada hafanyi kazi kwa bunduki wala kwa hundi. Chombo chake ni neno. Ikiwa chombo kimepinda, kazi nayo itapinda.

Tuanze na lugha yenyewe. Asili ya neno ni kuingia. Likiwekwa katika kauli ya kutendea linakuwa kuingilia, na kila ajuaye Kiswahili anafahamu kwamba kauli hiyo peke yake haisemi kama jambo limetendwa kwa faida ya mtu au kwa hasara yake. Kumpikia mgeni ni kumfaa. Kumlia mgeni fedha zake ni kumdhulumu. Kiambishi ni kile kile, hukumu ni mbili. Ndiyo maana tunaweza kusema "mlango wa kuingilia" bila ya kumlaumu mtu, na kwa kitenzi hicho hicho mahakama ikasoma shitaka la kumwingilia mtoto, ambalo ni miongoni mwa makosa mazito kabisa. Mzee anayeingilia kati vijana wawili wanaopigana anasifiwa kijiji kizima. Kijana anayeingilia mazungumzo ya wazee anaambiwa ana kimbelembele. Na usiku, wakati stesheni mbili za redio zinapogombania sehemu moja, tunasema mawimbi yanaingiliana, wala hapo hatumtafuti mwenye kosa.

Wataalamu wa sheria za kimataifa walikwisha kuona ugumu huu katika lugha zao. Azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 1981 kuhusu jambo hili lilitumia maneno mawili kwa pamoja katika jina lake: moja la kuingia kwa nguvu ili kubadili mwenendo wa nchi nyingine, na jingine la kuchokonoa mambo yake kwa njia ndogo ndogo. Sisi mara nyingi tunayatafsiri yote mawili kwa "kuingilia", kisha tunalalamika kwamba Kiswahili hakitoshi. La hasha. Kiswahili kina kuvamia, kuhujumu, kuchochea, kujipenyeza, kujiingiza, kudakia, kushinikiza. Upande wa pili kina kuamulia, kusuluhisha, kunusuru, kuunga mkono. Na kwa kazi za vikao kina kuhoji, kukagua, kusimamia, kuelekeza na kuamuru. Kasoro ni yetu sisi tunaochagua neno pana pale neno jembamba lingetufunga. Anayesema "mwanachama anahoji" amekwisha kukubali kwamba yeye anawajibika kujibu. Akisema "mwanachama anaingilia" hana deni la jibu tena.

Lakini ujanja mkubwa haumo katika "kuingilia". Umo katika neno linalolifuata, yaani "ndani". Mtu haingilii jambo mpaka awe nje yake. Kwa hiyo kila anayelalamika kwamba ameingiliwa amekwisha kujenga ukuta, akajiweka yeye ndani na mwenziwe nje, kabla hata mjadala haujaanza. Nani aliujenga ukuta huo, na kwa idhini ya nani? Kwa swali hili hatuna haja ya kwenda mbali. Ardhi ya Nachingwea imelijibu mara mbili, na majibu hayafanani.

Mara ya kwanza ni karanga. Mwaka 1946 kampuni ya United Africa, ambayo ilikuwa chini ya Unilever, ilipeleka kwa serikali ya Uingereza fikra ya kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Tume ikatumwa, ikazunguka kwa majuma machache, ikarudi na makisio ya ekari zaidi ya milioni tatu. Sehemu tatu zilichaguliwa katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikaletwa mpaka Nachingwea, na misitu ikang'olewa kwa matrekta, mengine yakiwa mabaki ya vita. Kufikia Januari 1951 mpango ulikuwa umevunjwa, na hasara ikahesabiwa kuwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962.

Mpango ule ulipewa jina la maendeleo. Kwa sheria za wakati ule Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na Uingereza ndiye mdhamini, kwa hiyo Waingereza walikuwa "ndani". Mmwera ambaye shamba lake la mtama lilikuwa katika njia ya trekta ndiye aliyekuwa "nje", na kama angelizuia trekta angeliambiwa kwamba anaingilia kazi ya serikali. Ukuta ulijengwa London. Mwenye nyumba aliamka asubuhi akajikuta uani.

Mara ya pili ni FRELIMO. Chama hicho kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 na kikaanza vita vya silaha Septemba 1964. Nachingwea ikawa kambi yake kuu ya mafunzo, na wenyeji mpaka leo wanaliita eneo hilo Farm 17, jina lililosalia kutoka hesabu ya mashamba ya karanga. Pale pale ambapo beberu aliingia bila ya hodi, wakaja wapigania uhuru waliokaribishwa. Ndugu Samora Machel alifundisha jeshi lake huko. Wakufunzi kutoka China walikuja. Sauti ya FRELIMO ikavuka Ruvuma kwa mitambo ya Radio Tanzania.

Ureno ilipiga kelele kwamba Tanzania inaingilia mambo yake ya ndani. Na hapa tuwe waangalifu, maana makada wengi hujibu jambo hili kwa hasira badala ya hoja. Kwa maandishi ya Lisbon, madai yale hayakuwa na kasoro. Mwaka 1951 Ureno ilibadili katiba yake, ikaliondoa neno "makoloni" na kuandika "majimbo ya ng'ambo". Kwa kalamu hiyo moja Msumbiji ikawa "ndani" ya Ureno, na yeyote aliyemsaidia Mmakonde wa upande wa pili wa mto akawa mwingiliaji. Mmakonde wa Newala na Mmakonde wa Mueda, ndugu wa lugha moja na ngoma moja, wakatenganishwa na ukuta uliochorwa na mtu aliyekaa ukingoni mwa Atlantiki.

Jibu sahihi la Tanzania lilikuwa kwamba ukuta huo ni wa uongo, kwa kuwa waliomo ndani yake hawakuulizwa. Hatukusema kwamba kuingilia kunaruhusiwa pale sababu inapokuwa nzuri, na kada hana budi aione tofauti hiyo. Ukisema kuingilia ni halali ukiwa na sababu nzuri, umemfungulia mlango kila beberu, maana hakuna beberu aliyewahi kukosa sababu nzuri. Ukisema kwamba Msumbiji haikuwa nyumba ya Mreno, hujaruhusu kuingia katika nyumba ya mtu yeyote.

Hati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963, ilikwisha kuliona hilo. Ifungue Ibara ya Tatu. Ndani ya ibara moja wazee wetu waliweka kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi wanachama, wakalaani mauaji ya kisiasa na uchochezi wa jirani dhidi ya jirani, kisha wakajifunga kuzikomboa nchi zote zilizokuwa bado chini ya ukoloni. Wako wanaosoma hapo wakasema kuna mgongano. Mimi sioni mgongano. Makao makuu ya Kamati ya Ukombozi yaliwekwa Dar es Salaam mwaka ule ule na yakadumu mpaka 1994, Brigedia Jenerali Hashim Mbita akiwa Katibu Mtendaji wake wa mwisho, na kwa miaka yote hiyo nchi iliyoipokea kamati hiyo ilikuwa pia miongoni mwa wasemaji wakubwa wa kutoingiliana. Alama ya ukoloni ni kwamba mwenye nyumba hajaulizwa. Alama ya dola huru ni kwamba, angalau kwa kanuni, ameulizwa.

"Angalau kwa kanuni" ni maneno mazito, nitayarudia. Kabla ya hapo lipo jambo la Nachingwea ambalo katika madarasa yetu hatulisemi. Mei 1975, siku chache kabla ya Samora kuvuka Ruvuma na kuanza safari yake ya kwenda Maputo, viongozi waliokuwa wamepingana na FRELIMO, akiwemo Mchungaji Uria Simango aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa chama hicho, walionyeshwa hadharani kambini Nachingwea wakiwa wafungwa na kusomeshwa maungamo. Baadaye waliuawa huko Msumbiji bila ya kufikishwa mbele ya mahakama. Kambi ilikuwa ya FRELIMO, lakini ardhi ilikuwa yetu. Tuliloweza kusema siku ile, na ambalo wengine wanalisema hata leo, ni kwamba hayo yalikuwa mambo yao ya ndani. Mimi naona hapo neno lilitukimbiza mahali ambapo tulipaswa kusimama. Kuunga mkono mapambano ya umma wa Msumbiji hakukuhitaji tukae kimya juu ya wafungwa walioonyeshwa katika wilaya yetu. Mpigania uhuru mgeni ana haki ya kupewa nafasi ya kupanga vita vyake. Haki hiyo haifanyi ardhi ya mwenyeji kuwa nyumba isiyo na sheria.

Sasa turudi kwenye dola huru. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba akatangaza kwamba eneo hilo ni sehemu ya Uganda. Kuita kitendo hicho "kuingilia" ni kukionea huruma. Neno lake ni kuvamia. Jeshi letu likamtoa, likavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Julai ya mwaka huo, katika mkutano wa wakuu wa nchi huko Monrovia, Rais Nimeiry wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuivunja kanuni ya kutoingilia.

Hoja ya Serikali yetu ilikuwa kwamba vita vilikuwa viwili: kimoja cha Tanzania kumwadhibu mvamizi, na kimoja cha Waganda wenyewe kumwondoa dikteta wao. Mkutano wa Moshi wa Machi 1979, uliowakusanya Waganda wa makundi mbalimbali, uliipa hoja hiyo miguu. Mwanafunzi akiuliza kama ilikuwa na miguu miwili au mmoja, asikemewe. Askari walio wengi walioingia Kampala walikuwa wetu. Mimi nafundisha kwamba tulikuwa na haki, na nafundisha pia kwamba haki ile haikupatikana kwa kubadili maneno bali kwa mambo matatu yaliyoonekana kwa macho: tulivamiwa kwanza, Waganda wenyewe walikuwapo mezani, na majeshi yetu yaliondoka mwaka 1981. Lililo la mwisho lilikuwa gumu kuliko mawili ya kwanza, kwa sababu anayeingia kwa ajili ya kunusuru huzoea haraka kukaa kitini. Siasa za Uganda za miaka ile miwili, na marais waliopishana Ikulu huku jeshi letu likiwa mjini, zinatosha kumfundisha kada kwamba mlango wa kutokea nao unahitaji kuhakikiwa.

Afrika ilijifunza polepole. Hati ya Umoja wa Afrika iliyopitishwa Lomé mwaka 2000 imeweka katika ibara ya nne, herufi mbili zinazofuatana, katazo la nchi mwanachama kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na haki ya Umoja wenyewe kuingia kati panapotokea makosa ya kivita, mauaji ya halaiki na makosa dhidi ya ubinadamu. Jirani mmoja mmoja amekatazwa. Ukoo mzima umeruhusiwa. Hiyo ni akili ya kijiji, na yeyote aliyekulia katika kijiji cha kusini ataitambua. Jirani haingii chumbani kwa watu kwa sababu amesikia kelele, bali wazee wakiitana wanaingia. Machi 2008 askari wa Tanzania pamoja na wenzao wa Afrika walikwenda Anjouan kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, na walikwenda upande wa serikali ya Muungano wa Komoro iliyowaomba. Hodi ilipigwa na karibu ikaitikiwa. Mtu anaweza kuuliza kama serikali inayoitikia karibu ndiyo kila mara sauti ya umma wake. Aulize.

Upo pia uingiliaji usiovaa buti. Serikali ya Ujerumani ya Magharibi, mwaka 1965, ilitaka kutumia misaada yake kutuchagulia marafiki baada ya suala la uwakilishi wa Ujerumani ya Mashariki katika Zanzibar. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue misaada yao yote. Siku ya kwanza ya mwaka 1980 aliwaeleza mabalozi kwa nini Tanzania haitakubali Shirika la Fedha la Kimataifa liipangie uchumi wake. Mwaka 1986 mapatano na shirika hilo yalitiwa sahihi. Hapa sitaki kupita haraka na kusema tulisalimu amri, wala kwamba tulikuwa na hiari. Mwenye njaa anapoitikia karibu, karibu yake ni ya kweli, lakini imetoka tumboni. Neno linalofaa ni kushinikiza, na shinikizo hupimwa kwa bei ya kusema hapana. Mwaka 1965 tuliweza kuilipa bei hiyo. Miaka ishirini baadaye hazina ilikuwa tupu.

Haya yote ni rahisi kuyasema, kwa kuwa adui yuko ng'ambo. Yale niliyoahidi kuyarudia, ya dola huru kuwauliza wenye nyumba "angalau kwa kanuni", yanaturudisha kwenye korosho.

Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Mamlaka ya Korosho ilikuwapo tangu 1973. Kwa lugha ya wakati ule huko hakukuwa kuingilia ushirika, maana Chama na Serikali vilikuwa vya wakulima na wafanyakazi, na mtu haingilii mali yake. Hoja ilikuwa safi, isipokuwa wanachama wenye ushirika hawakuulizwa. Ukuta ulihamishwa tena usiku, safari hii na ndugu zetu wenyewe. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imekusanya karibu tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilikuwa kiasi cha tani 16,500. Siyo haki kulitwisha jambo moja anguko hilo. Bei zilikuwa duni, watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, ubwiriunga ukaishambulia miti. Lakini katika miaka ile mkulima hakuwa na mahali pa kusemea hayo, kwa kuwa chombo chake kilikuwa kimevunjwa kwa jina lake. Sheria ya ushirika ilirejeshwa mwaka 1982, na leo wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wanauza kupitia chama chao kikuu cha RUNALI.

Novemba 2018 Serikali iliingia sokoni. Wanunuzi walikuwa wamegoma kupandisha bei, na Rais John Magufuli akaagiza korosho zote zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wachumi wengine waliita hatua hiyo kuingilia soko. Wakulima niliowasikia hawakulitumia neno hilo. Walisema Serikali imetuingilia kati, na walilisema kama wanavyomsema mzee anayeamulia ugomvi. Baadaye uhakiki ulipoanza, wa kumtenganisha mkulima na mfanyabiashara wa kangomba, na malipo ya wengine yakachelewa, nilisikia watu wale wale wakilitumia neno bila ya "kati". Wakulima wetu ni wanaisimu wazuri kuliko sisi. Waliondoa neno moja tu na hukumu ikageuka.

Kwa mfano huo turudi kwa yule mjumbe wa bodi. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 2013 inaufanya mkutano mkuu wa wanachama kuwa chombo cha juu cha chama chao. Mwanachama ndiye mwenye nyumba. Bodi imepewa funguo ili ifagie, na siku aliyeajiriwa kufagia anapomwambia mwenye nyumba asiingie, ukuta wa Lisbon umejengwa upya kijijini. Fungu la 15 la Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambalo kila kada anadai kulijua, lilikataza kiongozi kuwa na dharau na uonevu. Dharau ya siku hizi haina haja ya kufoka. Inazungumza kwa upole, na inasema "utendaji".

Hata hivyo tusiwape makada ruhusa wasiyostahili. Mpaka 1992 shughuli za siasa zote zilikuwa chini ya Chama kimoja kilichoshika hatamu, na kulikuwa na ugumu kisheria kusema kwamba Chama kinaingilia chombo fulani. Baada ya 1992 ukuta ni wa kweli na umejengwa kwa sheria. Katibu wa tawi anayempigia simu meneja wa ghala kumwelekeza ni lori la nani lisombe mzigo anaingilia, na hata akiitumia bendera ya Chama kujifunika, miguu inaonekana. Katibu yule yule akisimama katika mkutano wa hadhara akataka wanachama wasomewe hesabu zao, haingilii. Anafanya kazi aliyochaguliwa. Nimekutana na makada wanaofanya lile la kwanza kwa siri na kulikataa la pili hadharani wakisema, "Sisi Chama hatuingilii utendaji." Kwao neno limekuwa kama mwavuli: linafunguliwa mvua inaponyesha juu yao tu.

Ndiyo maana nawaomba wakufunzi wenzangu, tunapofundisha somo hili, tusilianzie Addis Ababa. Tulianzie katika kitabu cha muhtasari. Mwanasemina akiandika "kuingilia", amalizie sentensi: nani kaingia, wapi, nyumba hiyo ni ya nani, na mwenyewe alisemaje. Nimeijaribu njia hiyo katika vikao vinne. Katika viwili, walioleta neno waliliondoa wenyewe. Katika kimoja lilibaki, na lilistahili kubaki, kwa sababu diwani fulani alikuwa kweli ameagiza kinyume cha uamuzi wa mkutano mkuu. Cha nne kilikwisha kwa ugomvi, na sidhani kama ilikuwa hasara.

Nilirudi Ruangwa wiki tatu baada ya semina ile. Katibu alikuwa amekitunza kitabu vizuri, kimefunikwa kwa gazeti. Nilimwambia kwamba nami nilikuwapo na nilinyamaza, kwa hiyo kosa si lake peke yake. Akafikiri kidogo, akasema kanuni hairuhusu kufuta muhtasari uliokwisha kusomwa. Alikuwa na haki. Tukakubaliana aandike katika kikao kinachofuata, chini ya yatokanayo, kwamba mwanachama aliuliza juu ya makato ya mnada wa pili na hakujibiwa. Aliandika kwa mkono wake, pole pole, kisha akaniuliza kama jina la mwanachama liwekwe. Nikamwambia tukamuulize mwenyewe. Tukaenda kwake kwa miguu. Tulimkuta chini ya mkorosho akipalilia, akasema jina liwekwe.